Miezi Mitano na Silinda ya Tatu

Kuanzia Februari hadi Juni mwaka jana, gari langu lilikuwa na tabia moja ambayo haikubadilika. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, tulipokuwa tukiondoka Kahawa West, lilikuwa zima kabisa: injini iliwaka mara moja, ikanguruma kwa utulivu, ikavuta vizuri hadi Roysambu na Muthaiga. Tukifika Pangani, ambapo foleni huwa imeshika na mshale wa joto umeshatulia katikati, usukani ulianza kutetemeka. Kioo cha ndani kilitikisika hadi nikashindwa kusoma namba ya matatu iliyokuwa nyuma yangu. Ekzosi nayo ilitoa mlio wenye pengo, pu-pu-pu, kisha kimya kifupi, kisha pu-pu-pu tena. Nikikanyaga mafuta, mtetemo uliisha. Nikiachia, ulirudi.

Mafundi wa Nairobi husema gari la namna hiyo linamisi, au kwamba linatembelea plagi tatu, plagi ikiwa kile kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda. Nayapenda maneno hayo ya pili kwa sababu yana usahihi ambao wengi hawaushughulikii. Injini ya silinda nne, yaani vyumba vinne vya kulipulia petroli, inapozunguka mara 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, kila silinda hulipua mchanganyiko wake mara 400, kwa kuwa mlipuko huja mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa silinda zote ni milipuko 1,600 kwa dakika. Silinda moja ikilala, kila mlipuko wa nne hukosekana, karibu mara saba kwa sekunde, na ndiyo maana mtetemo huwa na mdundo. Mdundo huo ni ushahidi. Injini inayopungukiwa na petroli, au inayovuta hewa kupitia ufa wa gasketi, mara nyingi huyumba ovyo, mara hivi mara vile, bali yenye silinda moja mbovu hutetemeka kwa hesabu. Ilinichukua miezi minne kabla ya kukaa chini na kuusikiliza mdundo huo, na ni kwa ajili ya miezi hiyo minne kwamba naandika haya.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ile inayojulikana na wengi kama Toyota 100, yenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5, silinda nne na vali 16, ile milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Niliachiwa na baba. Haina anasa yoyote, lakini ni injini ambayo mtu mwenye spana chache na subira anaweza kuielewa yote, na hilo kwangu ni jambo la thamani.

Fundi wa kwanza, katika gereji iliyo karibu na nyumbani, alisikiliza kwa dakika moja na kusema ni plagi. Nilinunua plagi nne kwa shilingi 1,600. Wiki iliyofuata zikawa kebo za plagi, shilingi 3,500. Kisha ikaja distribyuta iliyotumika kutoka Japani, kifaa kinachogawa moto kwa plagi na ambacho katika gari hili hubeba koili ndani yake, shilingi 9,000; kisha kusafisha injekta zinazonyunyiza petroli, shilingi 4,000; kisha pampu ya petroli, shilingi 4,500. Jumla ni shilingi 22,600, bila kuhesabu ufundi. Kila mara gari lililala gerejini, likajaribiwa asubuhi, likaonekana limepona, na kila mara nilifika Pangani likitetemeka vilevile.

Simlaumu fundi huyo peke yake. Mteja hutaka gari jioni ileile. Fundi hulipwa kwa spea aliyoifunga, wala halipwi kwa saa aliyokaa akitafakari. Na hakuna anayetoa pesa mfukoni ili aambiwe kwamba tatizo si plagi. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mtindo huu wa kubadilisha spea kwa kubahatisha unawaumiza wenye magari ya zamani kuliko kutu na mashimo ya barabarani, kwa kuwa wao ndio wasio na pesa za kubahatisha. Tena spea inayofungwa bila sababu hufuta nyayo. Distribyuta iliyotumika inaweza kuja na ugonjwa wake, nawe ukabaki na magonjwa mawili ukidhani ni moja.

Katikati ya safari hiyo nilishuku petroli pia. Yeyote aliyeendesha gari nchini Kenya kwa muda mrefu analo kumbukumbu la kituo fulani ambako mafuta yalichanganywa na mafuta ya taa. Ni mwaka 2018 tu ambapo serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Nilibadilisha kituo kwa wiki tatu. Haikusaidia, na nilipaswa kulijua hilo mapema: petroli mbaya huingia katika silinda zote nne kwa usawa, haiwezi kuchagua moja na kuziacha tatu zikiwa salama.

Vilevile nilimpelekea gari kijana mwenye mashine ya kusoma kompyuta za magari, naye alinirudishia pesa zangu kwa uungwana. Mashine hizo huyasemesha magari yaliyofuata utaratibu ambao Marekani iliulazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996, ambapo kompyuta huhesabu milipuko iliyokosekana na kutoa namba: P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 kwa ya pili, na kuendelea. Corolla hii haina utaratibu huo. Kwenye kisanduku kidogo cha plastiki chini ya boneti kuna matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kufungua swichi, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa, nawe unahesabu mapepeso kama mtu anayesoma ishara za mnara wa meli. Langu lilipepesa mfululizo, bila kituo, maana yake kompyuta haikuona kosa lolote. Wengi hukata tamaa hapo. Kwangu mimi lilikuwa jibu la kwanza lenye maana: hitilafu ilikuwa mahali ambapo kompyuta haina jicho.

Mwezi wa Juni, wakati wa likizo fupi ya shule ninayofundisha, niliamua kwamba sitanunua kitu kingine chochote mpaka niweze kusema ni silinda ipi, na kwamba sitapima chochote gari likiwa baridi. Niliendesha kwa dakika arobaini, nikaegesha katika uwanja wa shule likiwa linatetemeka, nikafungua boneti. Njia ya zamani ni kuchomoa kebo za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inazunguka, lakini cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuunguza vifaa vya moto vilivyomo ndani ya distribyuta, na petroli isiyochomwa huteremka hadi kwenye ekzosi. Ni afadhali kuchomoa soketi ya injekta, kwa sababu silinda hunyimwa petroli na hakuna kinachodhurika. Nilichomoa ya kwanza: injini ikashuka, ikakaribia kuzimika. Nikairudisha. Ya pili: vivyo hivyo. Ya tatu: hakuna kilichobadilika, wala sauti, wala mtetemo, kana kwamba sikuwa nimegusa kitu. Ya nne ikashuka tena. Nilirudia zoezi hilo mara tatu kwa mpangilio tofauti, na mara zote tatu silinda ya tatu haikujibu.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya kuhamisha vitu, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwenye gari la zamani aijue kwa moyo. Nilichukua plagi ya silinda ya tatu nikaiweka kwenye ya kwanza, na ya kwanza nikaiweka kwenye ya tatu. Ugonjwa haukuhama. Nikabadilishana kebo za silinda ya pili na ya tatu kati ya distribyuta na plagi, nikihakikisha kila silinda inapata zamu yake ya moto, maana injini hii hulipuka kwa utaratibu wa 1-3-4-2 na kebo iliyokosewa huleta shida mpya. Ugonjwa haukuhama. Injekta ilinichukua mchana mzima kwa sababu ya mipira yake midogo inayokatika kwa urahisi, nayo pia ilihamia silinda ya nne bila kuondoka na ugonjwa. Sikutumia hata shilingi mia tano. Kwa zoezi hilo nilijua kwamba karibu kila kitu nilichonunua tangu Februari kilikuwa hakihitajiki.

Usiku nilifungua boneti gizani, injini ikiwa ya moto, kutafuta miale ya buluu inayoruka kutoka kwenye kebo zenye nyufa. Hapakuwa na kitu. Nilinyunyiza maji yenye sabuni kuzunguka gasketi ya manifoldi ya hewa, nikisikiliza kama sauti ya injini ingebadilika. Haikubadilika.

Kisha nikafanya jambo ambalo baba aliwahi kunionyesha nikiwa mtoto. Nilichana ukurasa wa daftari, nikachuchumaa nyuma ya gari, nikaushikilia ukurasa huo karibu na mdomo wa ekzosi. Injini nzima huusukuma ukurasa nje kwa mfululizo, nao hupepea upande mmoja tu. Huu wangu ulisukumwa, ukasukumwa, kisha ukavutwa ghafla kuelekea ndani ya bomba na kugonga ukingo wake, pap, kisha ukasukumwa tena. Nilibaki pale nimechuchumaa kwa muda, moshi ukinipata usoni, nikitazama karatasi hiyo ikinyonywa kwa mdundo uleule niliokuwa nikiuhisi kwenye usukani. Ekzosi haipaswi kuvuta. Ikivuta, kuna uwezekano mkubwa kwamba vali ya kutolea moshi haifungi barabara, na pistoni inaposhuka hunyonya kupitia mwanya huo.

Nilimpelekea gari mzee mmoja mwenye karakana Kariobangi Light Industries, ambaye mwalimu mwenzangu alimsifu kwa utaratibu wake. Nilifika saa mbili asubuhi nikiwa nimetoka nyumbani kupitia njia isiyo na foleni. Aligusa rejeta kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hili halijapata joto la kutosha. Ukilipima likiwa hivi litakudanganya. Nenda Thika Road, urudi likiwa linaumwa."

"Mzee, walishalipima kompresheni Aprili, wakasema ni nzima."

"Walilipima saa ngapi?"

Sikuwa na haja ya kujibu. Nilizunguka hadi Kasarani na kurudi, kisha tukaanza kazi kabla halijapoa. Alitoa plagi zote nne, akachomoa soketi za injekta na ya distribyuta ili pasiwe na petroli wala moto, akaniambia nikanyage mafuta hadi chini ili hewa ipite bila kizuizi, akachunguza betri kwanza kwa sababu stata inayozunguka pole pole hushusha vipimo vyote. Kompresheni, yaani nguvu ya silinda kukandamiza hewa, hupimwa kwa pauni kwa inchi ya mraba: silinda ya kwanza ilisoma 150, ya pili 152, ya nne 151. Ya tatu ilifika 94 na kusimama hapo. Karatasi ya Aprili, ambayo nilikuwa bado ninayo kwenye droo ya gari, ilisema 148, 150, 141 na 149, na vipimo hivyo vilichukuliwa asubuhi baada ya gari kulala.

Hapa lazima niseme jambo linalotuhusu sisi wa Nairobi hasa. Vitabu vya mwongozo vya injini za jamii hii hutaja kompresheni ya kawaida ya takriban pauni 191 kwa inchi ya mraba, na kiwango cha chini cha 142. Nambari hizo ni za hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban asilimia 18, na silinda haiwezi kukandamiza hewa ambayo haikuingia. Kwa hiyo 191 ya kitabuni huwa kama 156 huku kwetu, na kiwango cha chini huwa karibu 116. Nimewasikia watu wakiambiwa injini zao zimechoka na zinahitaji ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, kwa sababu ya kipimo cha 150, na nadhani baadhi yao walifungua injini nzima zisizo na kasoro yoyote. Nambari inayobadilika kidogo tu kutoka pwani hadi Limuru ni tofauti baina ya silinda na silinda: kitabu hakiruhusu izidi 14. Langu lilikuwa na tofauti ya 58.

Mzee alimimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi ya tatu na kupima upya. Kama ringi ndizo zilizolika, oili huziba pengo kwa muda na kipimo hupanda. Kilipanda hadi 97 tu. Ndipo akaizungusha injini kwa spana hadi pistoni ya tatu ikafika juu kabisa huku vali zote za silinda hiyo zikiwa zimefungwa, akafunga mpira wa kompresa kwenye tundu la plagi, na kuachia upepo. Alinifundisha mahali pa kuweka sikio. Upepo ukisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, vali ya kuingiza ndiyo yenye kasoro. Ukisikika kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Mapovu yakitokea kwenye rejeta, ni gasketi ya silinda hedi. Yote matatu yalikuwa kimya. Nilikwenda nyuma ya gari na kuinama, nikausikia ukitoka kwenye ekzosi, mwembamba na wa mfululizo, kama tairi lililochomwa na msumari.

Gari lililala kwake, safari hii kwa sababu iliyoeleweka, kwa kuwa nafasi za vali hupimwa injini ikiwa baridi. Asubuhi alifungua kifuniko cha juu. Katika injini hii kamishafti, mhimili unaofungua vali, husukuma kikombe cha chuma kinachokaa juu ya vali, na juu ya kikombe hukaa kisahani kiitwacho shimu, ambacho unene wake ndio unaoamua nafasi iliyopo. Nafasi hiyo ni ya lazima: vali ya ekzosi hupata joto kali sana, shina lake hurefuka, na pasipokuwa na nafasi ya kurefukia, kamishafti huizuia isikae kwenye kiti chake. Kadiri miaka inavyopita kiti cha vali hulika, vali huzama na kukaribia kamishafti, na nafasi hupungua kimya kimya. Tapeti, yaani kikombe hicho, yenye nafasi kubwa hugonga na kila mtu huisikia. Iliyobana haitoi sauti, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Tulilenga milimita 0.30. Vali moja ya ekzosi katika silinda ya tatu ilikubali kwa shida fila, bapa jembamba la kupimia nafasi, ya 0.05. Baridi ya asubuhi ilipofika, milimita hizo 0.05 zilitosha, vali ikafunga, gari likawa zima, na vipimo vya Aprili vikawa vizuri. Joto lilipopanda nafasi iliisha, vali ikabaki imeinuka unywele mmoja, na silinda ikapoteza hewa yake. Nikikanyaga mafuta, pistoni ilikwenda kasi kiasi kwamba hewa haikupata muda wa kuponyoka yote, basi silinda ikashika tena. Kila dalili niliyoiona tangu Februari ilipata mahali pake katika sentensi hizo, na ninakiri kwamba nilihisi furaha ya kweli nilipomsikia mzee akizieleza.

Shimu iliyokuwemo ilikuwa na unene wa milimita 2.80. Nafasi ilipungua kwa 0.25, kwa hiyo ilihitajika ya 2.55, na kwa bahati njema shimu hizi hutengenezwa kwa hatua za 0.05. Nilikwenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, kwa mwenye duka anayeuza silinda hedi kuukuu. Nambari zilizochongwa kwenye shimu nyingi zilikuwa zimefutika, hivyo aliniazima maikromita na kiti kifupi, nikapima moja baada ya nyingine nikizipangusa kwa kitambaa. Ya kumi na moja ilikuwa 2.55 kamili. Nilinunua hiyo pamoja na nyingine mbili kwa ajili ya vali za silinda ya pili zilizokuwa zimeanza kubana, zote kwa shilingi 900.

Baada ya kufunga, tulizunguka tena hadi joto likapanda na kupima. Silinda ya tatu ilisoma 139, tofauti ya 13 na ile ya juu kabisa, ndani ya mpaka wa kitabu kwa pauni moja tu. Mzee hakunificha: ukingo wa vali ulikuwa umeanza kuungua kwa miezi mitano ya kupitisha moto, na dawa kamili ingekuwa kushusha silinda hedi na kuisaga vali kwenye kiti chake. Alishauri tusubiri, kwa sababu vali iliyoungua kidogo hujisawazisha wakati mwingine inapoanza kukaa vizuri, na kipimo kikianza kushuka tutajua kabla mtetemo haujarudi. Hiyo ilikuwa Julai.

Oktoba nilirudi kwake saa tisa na nusu alasiri, nikitoka moja kwa moja kwenye foleni ya Pangani, boneti ikiwa haishikiki kwa joto. Tulipata 149, 152, 141 na 150. Mzee aliziandika kwa chaki upande wa ndani wa boneti, chini ya zile za Julai, akaongeza tarehe.